Mawe Manne ya Megafoni

Nianze na waliokuwepo. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa watoto wa mama yangu. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka tisa, na kitinda mimba wetu, msichana, ambaye nilikuwa nimemshika mkono. Alikuwepo mama jirani aliyekaanga mandazi mbele ya komisaria, maana hivyo ndivyo tulivyokiita kituo cha polisi cha mtaa wetu, mjini Bunia, mashariki ya Kongo. Na alikuwepo polisi wa filimbi. Wengine waliokuwa barabarani niliwajua kwa sura tu, na baadhi ya sura hizo sikuziona tena.

Komisaria yenyewe ilikuwa vyumba viwili, mlingoti wa bendera na megafoni moja. Polisi walikuwa wamebaki wachache, na sijui walikula nini, kwa sababu mshahara ulikuwa hadithi ya zamani. Hata hivyo kila asubuhi, bendera ikishapanda, polisi wa filimbi alisimama kwenye ngazi akatutangazia njia zipi za kutoka mjini ni salama.

"Ya Komanda iko muzuri. Ya Nyankunde, muende wengi, si mutu mumoja. Ya Nizi, tukae kwanza."

Wenye baiskeli, wachuuzi, hata wachimba dhahabu waliotamani kurudi Nizi, walisubiri maneno hayo kabla ya kufunga mizigo yao. Mama wa mandazi alizoea kumtania.

"Shefu, na njia ya tumbo? Hujaitangaza!"

"Ya tumbo imefungwa," alijibu kwa megafoni, mtaa mzima usikie, "mupaka huyu mama atoe mandazi moja ya bure!"

Sasa mambo ya bendera. Kwetu, saa moja na nusu asubuhi filimbi ikilia, unasimama pale ulipo. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye kofia anaivua. Unakaa hivyo mpaka filimbi ya pili, ndipo unaendelea na safari yako. Miaka ile ya vita wenye mji walibadilika, na mara nyingine kitambaa kilichopandishwa nacho kilibadilika. Hatukuuliza. Filimbi ilisema simama, tulisimama.

Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, mdogo wangu alitembea wakati bendera inapanda. Alikuwa na kidumu cha maji, anawaza mambo yake. Niliitwa kutoka nyumbani, nikamkuta mbele ya mlingoti, mikono imenyooka, kidevu juu, kidumu miguuni.

"Ulisikia filimbi?" polisi alikuwa anamuuliza.

"Nilisikia, shefu."

"Na miguu yako, yenyewe haiko na masikio?"

Mdogo wangu akaitazama miguu yake, kama vile kweli angeyaona masikio. Mama wa mandazi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shefu, samahani," nikasema. "Kule nyumbani banangojea hii maji."

"Nilimupa nusu saa. Amesimama dakika kumi. Weye ni mama yake?"

"Mama alikufa. Baba pia. Miye ndiye mukubwa."

Alinitazama kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa pili wa sekondari, siku ile ile tuliyorudi kutoka kumzika baba.

"Ile radio inasemaka kwenu kila magaribi," akasema, "iko na mawe ngapi?"

Alimaanisha betri, sisi tunaziita mawe.

"Ine, shefu."

"Basi hii dakika makumi mbili zinabaki, utanilipa na ile mawe ine. Megafoni yetu inaanza kuwa bubu. Kesho kutwa haitasema kitu. Nitatangaza njia na nini, na mikono?"

"Nitaleta kesho."

"Kesho ya Mungu ao kesho yako?"

"Yangu, shefu."

"Ya Mungu ni ya hakika kushinda," alisema, akamwachia mtoto. Kabla hajaondoka alimwinamia akamwambia taratibu: "Mara ingine, filimbi ikilia, unakuwa kama hii muti. Hata nyoka apite."

"Ndiyo, shefu. Kama muti."

Sikupeleka mawe kesho yake. Nieleze kwa nini, ingawa maelezo hayapunguzi kitu. Tangu baba afe, mdogo wetu wa mwisho hakupata usingizi bila sauti ya mtu mzima ndani ya nyumba, na sauti yangu hakuihesabu. Redio ya baba ndiyo iliyomlaza. Nilijiambia: leo tena, kesho nitapeleka. Kesho nikajiambia hivyo hivyo. Wakati huo megafoni ilikwisha kuwa bubu kweli, na polisi akawa anatangaza njia kwa koo lake, akimwendea kila mtu na kikohozi.

Asubuhi ya siku yenyewe bendera ilipanda kama kawaida, tukasimama, tukaachiwa. Muda si mrefu nilipita mbele ya komisaria na wadogo zangu tukienda bombani. Nilipita upande wa pili wa barabara, kwa haya. Aliniona. Aliinua mkono akanionyesha vidole vinne. Nikampungia: kesho. Akatikisa kichwa, akacheka.

Hatukufika mbali. Pikipiki ilikuja kasi kutoka upande wa njia ya Nizi, dereva akasimama kwenye ngazi, akasema maneno mawili matatu, akaondoka bila kuzima injini. Nilimwona polisi akiiokota megafoni, akaiweka mdomoni, akaibonyeza. Haikutoa kitu. Aliigonga kwa kiganja. Akaibana kwapani, akachukua filimbi, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Na watu wote wakasimama.

Mpaka leo kitu hiki kinaniganda mwilini. Alipuliza ili tukimbie, sisi tukasimama. Mwenye baiskeli alishuka. Mzee mmoja alivua kofia. Mama wa mandazi alibaki na kijiko juu ya mafuta yanayochemka. Mimi, niliyekuwa nimeona pikipiki kwa macho yangu, nilisimama pia. Niliinua macho kutafuta bendera inayopanda. Ilikuwa tayari juu.

Akapuliza tena. Watu wakachukua filimbi hiyo kuwa ya pili, wakaanza kutembea taratibu, kila mtu na safari yake. Mwenye kofia aliivaa. Hapo ndipo risasi zilipolia nyuma ya nyumba.

Watu walitawanyika wakipiga kelele. Mdogo wangu hakutawanyika. Alikuwa katikati ya barabara, mikono imenyooka, kidevu juu, machozi yanamtoka, haondoki. Nilimwita kwa jina. Nilimtukana. Alikuwa mti.

Polisi alitoka mbio akapita katikati ya watu, akamnyakua kiunoni kama mzigo, akanisukumia mikononi.

"Hakuna bendera!" alikuwa anapiga kelele. "Hakuna bendera! Mukimbie! Ya Komanda iko muzuri! Ya Komanda!"

Akarudi barabarani. Sikugeuka kumtazama, nilikuwa na wawili wa kubeba.

Mama wa mandazi tulikutana naye Komanda, siku ya tatu, ana ndala moja. Alisema polisi alimpokonya kijiko mkononi kwa nguvu, akamsukuma. Alipogeuka alimwona amesimama katikati ya njia, megafoni mdomoni, anaita watu kana kwamba inasikika.

"Nilimwambia kimbia na weye," alisema. "Ananijibu, eti bado hajamaliza kutangaza."

Zaidi ya hapo hakujua, na sijapata mtu anayejua.

Tulirudi Bunia baada ya miezi mingi. Kule Komanda nilibeba mizigo ya lori mpaka nikanunua mawe manne mapya. Komisaria haikuwa na bati tena, lakini mlingoti ulisimama, na polisi wengine, vijana, walikaa chini yake. Niliuliza habari za polisi wa filimbi. Hawakumjua. Niliwaonyesha mawe, nikasema ni ya megafoni.

"Megafoni gani, dada?" mmoja akauliza. "Siye hatuna. Utupatie tu, tutayatia mu tochi."

Nilikataa, akaniona mchoyo.

Kitinda mimba siku hizi analala bila redio. Mdogo wangu ni mwanaume mwenye watoto, na filimbi ikilia asubuhi husimama muda mrefu kuliko watu wote, hata baada ya ile ya pili. Mke wake humvuta shati. Mawe yanavuja yakikaa. Yakivuja nanunua mengine, manne, nayafunga kwenye kitambaa kile kile. Yako hapa. Nilisema kesho.