Kasimile ya Sinia la Baba

Nakumbuka jioni moja kwetu Likoni, miaka michache kabla ya uhuru, mama alipomtuma mdogo wangu Mwanasha kuleta kata ya maji kutoka uani. Mtoto alifika mlangoni, akasimama, akaanza kupapasa ukuta. Giza lilikuwa bado, hata kuku hawajaingia bandani. "Huyu naye, uvivu umempanda machoni," mama akasema, nasi tukacheka. Mwanangu, kicheko kile nakichukia mpaka leo.

Ikawa ndiyo hali. Mchana Mwanasha anacheza na wenzake, jua likishuka ameng'ang'ania kanga yangu. Kisha akashikwa na kuhara kusikoisha, macho yakamkauka, na jicho la kulia likaanza ukungu. Hapo baba akashtuka. Tukavuka kwa feri, yeye, mama na mimi, mtoto mgongoni mwangu, kwenda hospitali.

Alitupokea muuguzi, mama wa makamo kutoka Frere Town. Akauliza mtoto hula nini.

"Mchicha, matembele, maboga," mama akajibu, kajiweka sawa. "Mboga hazikosekani kwangu." Na wallahi alisema kweli.

"Mwazipika kwa kitu gani?"

Baba akadakia, "Kwa nazi, dada. Mimi nina minazi yangu."

Mama akaangalia chini, nami nikatambua kwamba baba hajui. Minazi ilikuwa yetu, ndiyo, lakini nazi nyingi ziliuzwa, na ya chunguni ilikuwa moja tu. Mkamuaji nilikuwa mimi. Kasimile, lile tui la kwanza zito, lilikwenda kwenye sinia la baba na wageni wake barazani. La pili lilipikia wali. Maji meupe ya mwisho, ambayo hata harufu ya nazi yameshaipoteza, ndiyo yaliyochemshia mboga zetu sisi watoto. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na baba alikula miaka yote akidhani nyumba nzima yala anachokula yeye.

Niliogopa, lakini nilikuwa nausikia uso wa Mwanasha shingoni mwangu.

"Baba," nikasema, "kasimile ni ya sinia lako. Sisi twala maji ya mwisho."

Mama akanifinya paja.

Muuguzi hakufoka, na heri angefoka. Alimweleza baba taratibu kwamba katika majani yale mna rangi ya manjano, imefichwa na ukijani, na katika boga waiona wazi. Rangi ile peke yake haimfai mtu. Ukuta wa utumbo ndio unaoipokea, ukaikata na kuigeuza vitamini A, kisha ini likaiweka akiba, na macho yakala humo. "Lakini haiyeyuki majini, mzee. Pasipo mafuta, nyingi hupita tu ikatoka. Na utumbo wa mtoto anayehara umechoka, hata kidogo kinachofika haukiwezi."

"Kumbe alikuwa akila bure," baba akasema. Sauti yake sikuijua.

Walimpa mafuta ya ini la samaki. Jicho la kushoto likapona. La kulia lilikuwa limekwisha.

Tangu hapo baba alimwita Mwanasha wale sinia moja, wageni wapende wasipende, akimchambulia samaki na kumsogezea mchuzi upande wake. Mama alikuwa akitazama kutoka jikoni, na sijui nani kati yao aliumia zaidi. Mwanasha aliolewa, akazaa, na kila mtoto aliyemzaa alimsogeza kwanza kwenye jicho la kushoto ndipo akatabasamu.

Mwanangu, ninalokuusia si kubwa. Mboga za mtoto zitie tui zito au mafuta, kijiko tu, kabla hujampakulia mkubwa yeyote. Akihara, usingoje. Akijikwaa jioni, usimcheke, mpeleke. Na ukiwa ndiye unayeletewa sinia, inuka siku moja uende jikoni ukaonje cha wengine, maana hakuna atakayekuja kukwambia. Mimi nilisema, na nilisema nikiwa nimechelewa.

Mola akulinde, akujaalie wanao wema, na wakuone kwa macho yao mawili mpaka siku ya kukuzika.