Mpera Mlangoni, Mlimau Mwisho

Kwenye kampuni ya mabasi walimwita Breki, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Wenzake walikata kona kama wanaofukuzwa. Yeye alipunguza mwendo hata kuku akitokeza kichwa tu kando ya barabara. Abiria walinung'unika, lakini walifika. Akastaafu bila kumkwaruza mtu.

Alistaafu mapema, akamwambia mkewe kwamba ni mgongo. Mkewe, Mama Pacha, fundi wa kushona mapazia, akasema, "Pole, Baba Pacha," akaendelea kukanyaga cherehani. Lakini hakuwa mtoto mdogo. Mwenye mgongo mbovu hajigongi kwenye fremu ya mlango aliopita miaka yote ya ndoa. Wala hamimini chai nje ya kikombe kisha akakilaumu kikombe. Mara kadhaa alifungua mdomo amuulize, akaufunga. Alimjua mumewe: ukimsukuma, anasimama.

Kampuni iliwagawia wastaafu vishamba nyuma ya karakana, mahali ambapo hewa ilinuka dizeli na mipaka ilikuwa matairi makuukuu yaliyofukiwa nusu. Jirani yao alikuwa kondakta wa zamani, mama ambaye hata akinong'ona sauti yake ilifika kiti cha nyuma. Yeye alikuwa ameshapanda mchicha.

"Nyie mtapanda nini?" akawauliza.

"Matunda," Breki akajibu kabla mkewe hajafikiri. "Nataka kitu cha kudumu."

Wakaenda kitaluni wakanunua mpera, mkomamanga, mchungwa, mchenza na mlimau, kila mche kwenye kifuko chake cheusi cha plastiki. Breki aliibeba mmoja mmoja kifuani kama anayetoa watoto kliniki. Kuhusu kupima mahali pa mashimo, hakutaka msaada. "Hiyo niachie mimi. Nimepaki mabasi maisha yangu yote."

Jioni Mama Pacha akamfuata na chupa ya chai, akasimama penye tairi la kwanza. Vigingi vilikuwa vimekaa kama meno ya mtoto. Viwili vilikaribiana kiasi kwamba miti ikikua ingepigana viwiko. Kimoja kilikuwa karibu kuingia kwenye mchicha wa jirani. Na mumewe alikuwa katikati, mikono kiunoni, uso umemchangamka.

"Unaonaje?"

Mama Pacha alikuwa mtu wa kunyoosha pindo la pazia kwa jicho tu. Akammiminia chai. "Umefanya kazi kubwa, Baba Pacha."

Asubuhi akaaga kwamba anapeleka mapazia ya watu. Akapitia shambani na kamba ya kuanikia nguo, akaivuta toka mwanzo hadi mwisho, akang'oa vigingi na kuvipanga upya juu ya mstari. Kondakta akainua kichwa kutoka kwenye mchicha.

"Shoga, unamsahihisha Breki?"

"Nyamaza, tafadhali."

"Mimi? Ninyamaze? Haya, nitajaribu."

Walipokuja wote wawili kuchimba, Breki akaenda moja kwa moja mpaka alipokumbuka kuchomeka kigingi cha kwanza. Akainama, akapapasa. Udongo mtupu. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akapiga magoti. Mama Pacha alisimama na jembe lake kama amegandishwa.

"Nani amehamisha vigingi?"

Kondakta alikaa kimya, na kwa sura yake ukimya huo ulikuwa mzigo.

"Mimi," Mama Pacha akasema. "Vilikuwa vimepinda."

"Vimepinda sana?"

"Sana, baba."

Alitegemea hasira. Breki akakaa chini palepale, akafuta viganja kwenye suruali.

"Naona kama ninayechungulia kwenye bomba," akasema. "Katikati naona, pembeni kumezimika. Na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari amenipa dawa ya matone, lakini amesema wazi, kilichopotea hakirudi. Siku moja nilisimamisha basi, nikashuka, nikamkuta mama mwenye mtoto mgongoni amesimama ubavuni, karibu hivi. Sikuwa nimemwona kabisa. Nikarudisha funguo siku hiyohiyo."

"Na mimi ukaniambia mgongo."

"Nilitaka uendelee kuniona dereva."

Mama Pacha akaweka jembe chini, akakaa naye kwenye udongo bila kujali gauni.

"Mimi sikuolewa na basi."

Breki akacheka kwa pua, na kicheko hicho kikamgeukia njiani. Mkewe akamwekea mkono kisogoni, akamwacha alie mpaka atosheke. Kondakta akawapa mgongo, akaanza kuimba kwa nguvu, tena vibaya, ili ajulikane hasikii kitu.

Alipotulia, Breki akapenga kamasi akasema, "Tung'oe vyote."

"Vyote? Mbona sasa vimenyooka!"

"Vimenyooka kwa mtu anayeona. Tupange kwa yule nitakayekuwa."

Wakaanza upya, yeye ameshika ncha moja ya kamba, mkewe nyingine. Mpera wakauweka mlangoni, penye tairi la kwanza, kwa sababu shina lake ni laini na hauna ubaya na mtu. Mlimau ukapelekwa mwisho kabisa. "Una miiba," Breki akasema. "Sitaki unikaribishe kwa kunichoma." Kati ya mti na mti wakaacha kama mita tano, matawi yasije yakamkata usoni, na ubavuni njia nyoofu ya kupita mtu na fimbo.

"Mita tano!" Kondakta akashindwa kuvumilia. "Mnaacha uwanja wa mpira?"

"Panda mchicha wako humo, shemeji, mpaka miti ikue," Breki akamwambia. "Njia yangu tu usiiguse."

Mashimo akachimba mwenyewe. Udongo wa juu aliuweka kando, akauchanganya na samadi. Alipochana kifuko cha mche wa kwanza alifumba macho makusudi. Vidole vikashuka kwenye shina mpaka kwenye kinundu pale mche ulipounganishwa. "Hiki kibaki juu ya udongo," akasema, akashindilia kwa viganja, taratibu, kama anayefunika mtoto aliyelala.

Si yote yalikwenda sawa. Mchenza ulikauka kiangazi cha kwanza, na ule waliopanda badala yake ukadumaa, ukabaki mfupi mpaka leo. Bomba la macho yake nalo likazidi kujifunga. Watoto wao pacha walipiga simu wakitaka baba aache shamba, ataanguka. Mama yao akawajibu kwamba akianguka ataangukia udongo wake.

Baada ya miaka kadhaa Breki hakuona tena ila tofauti ya jua na kivuli, na bado alikwenda kupalilia kila asubuhi. Siku moja Mama Pacha alimkuta amesimama chini ya mchungwa, pua juu.

"Umetoa maua," akasema Breki.

Mama Pacha akavaa miwani yake ya kushonea, akazunguka mti mzima. "Wapi? Mimi naona majani tu."

Breki akamshika mkono, akaupandisha taratibu ndani ya majani, mpaka vidole vyake vikagusa vitumba vidogo vyeupe, vilivyobana, vingine vikianza tu kufunguka.

"Usibonyeze," akamwambia.

"Sibonyezi."

Wakasimama hivyo, mikono yao miwili juu ya tawi moja, mpaka Kondakta akaita kutoka ng'ambo akiuliza kama kuna mtu ana chai.