Finjani Aliyoiacha Imejaa kwa Ami Yangu

Na mimi nilikuwa katika wale waliomcheka yule dada wa wiki iliyopita, aliyesema mume akizidi utamu umtazame mara mbili. Nilimwandikia kwenye maoni kwamba ana husuda. Leo namuomba radhi. Admin, jina langu lisionekane, maana sisi watu wa asili ya Unguja hapa Muscat tunajuana nyumba kwa nyumba.

Nina miaka ishirini na tatu, nimemaliza sekondari, na nimeolewa miezi miwili na nusu tu. Tunakaa Ansab. Mume wangu anafanya kazi ofisini Al Khuwair, na wallahi sijui nimshukuru vipi Mungu kwa mwanamume huyu. Tukitaka kutoka huteremka yeye kwanza akaipoza gari, nisije nikakalia kiti cha moto. Machungwa hunimenyea mpaka ule weupe wote unatoka, kisha hunipa kipande kimoja kimoja. Nikilala mchana hutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilidhani mapenzi ya namna hii ni ya kwenye tamthilia.

Yeye kwao ni Qurayyat. Tangu tulipochumbiana ananielezea kuhusu wanawake wa kwao wanaotengeneza na kuuza samaki. Hawana nyumba ya barafu, jua likipanda samaki wanaanza kuharibika, na wanunuzi wa mbali wanajua hivyo, wanasubiri mpaka bei ianguke. Miaka kadhaa sasa mume wangu anazunguka na barua kwa wakubwa, kuomba nyumba ya barafu na soko dogo lenye kivuli. Nilimpenda zaidi kwa jambo hilo. Mwanamume anayehangaikia mama za watu, mkewe atamtupa?

Sasa sikilizeni. Ami yangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, ni mjumbe wa Baraza la Shura, na yumo kwenye kamati inayopokea maombi kama hayo. Ijumaa iliyopita tulikula kwake. Wanaume walikuwa sablani, ndicho chumba cha wageni wa kiume, mimi jikoni na mke wa ami, ambaye namwita Mama. Tukawa tunacheka habari za mume wangu, mara Mama akasema, "Mumeo yule ana kichwa kigumu. Tangu nnaolewa nyumba hii sijaona mtu akaacha finjani ya ami yako imejaa."

Wasioijua desturi yetu niwaeleze. Mtu akija sablani na ombi zito, hupewa kahawa, naye huiweka chini haigusi. Mwenye nyumba humuuliza ana lipi. Akimkubalia humwambia kunywa kahawa yako, naye hunywa. Nilidhani Mama anasema siku ya posa, lakini siku ile kahawa ilinyweka na posa ikakubaliwa. Mama alisema hapana, ni kabla ya hapo. Mume wangu alikuja na wazee wawili wa Qurayyat kuomba nyumba ya barafu. Ami alimjibu kwa upole kwamba hawezi kuahidi jambo la kamati, anywe tu, kahawa haina kosa. Wazee wakanywa. Yeye akaaga, finjani ikabaki pale.

Haukutimia mwezi, akarudi kuniposa mimi.

Mume wangu aliwahi kunambia kwamba mara ya kwanza aliniona mlangoni kwa ami, nimebeba trei, ushungi umeniteleza, na hapo hapo moyo ukamuanguka. Kisa hicho nimewasimulia mashoga zangu wote. Hakunambia siku ile alikuwa anatoka kufanya nini. Sasa najiuliza, aliniona mimi, au aliuona mlango?

Juzi nikafungua kidroo cha gari kutafuta tishu, nikakuta barua ya kupelekwa kwenye kamati. Chini yake kuna orodha ya majina ya wanawake, kila jina na alama ya dole gumba pembeni. Majina yote yameandikwa kwa mwandiko mmoja, wa mume wangu. Jina la mwisho ni langu. Hakuna dole, nafasi imeachwa.

Nilipomuuliza hakukasirika. Alisema wengi wao hawajui kuandika. Kisha akanambia taratibu, "Habibti, ami yako hakunyimi kitu. Nenda wewe ukaiweke finjani chini. Mwezi ukiisha, kamati haipokei tena." Nikamuuliza, "Na kama asingekuwa ami yangu?" Alikuwa anamenya chungwa. Akasema, "Ningekuoa. Ila ningekuwa bado natafuta mlango." Kile kipande cha chungwa alinipa na weupe wake.

Ndugu zangu, jibu hilo ni la mwanamume mkweli au la mwanamume hodari? Nikienda kwa ami nahisi nitakuwa nimelipa mahari yangu mwenyewe. Nisipoenda, na wale wanawake kweli wapo, samaki wao wataendelea kuoza kwa sababu ya wivu wangu. Kwao amenipeleka mara moja tu, nikakaa ndani na mama mkwe, tukala, tukarudi. Pwani sikuiona. Walioolewa zamani nielekezeni, wenzangu mnaipima vipi nia ya mtu mnayempenda hivi?

Mimi nimeamua moja tu. Orodha nimeipiga picha. Kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda Qurayyat na kaka yangu, asubuhi, saa ambayo samaki wanashushwa, bila ya kumwambia mume wangu. Wa kwanza kwenye orodha ni Moza binti Khamis. Nitasimama pale pwani niliite jina lake. Akiitika, bado sitajua kama nilipendwa, lakini nitajua sikuolewa kwa uongo, na finjani nitaiweka chini kwa mkono wangu. Naomba tu aitike.