Sauti ya Bibi Eugenia

Jussara Pimentel alianza kuimba akiwa na miaka kumi na saba, katika kikundi cha wasichana watatu wa hapa mtaani kwetu, Madureira. Walivaa sketi za njano na kuimba wimbo mmoja kuhusu kijana mwenye baiskeli. Kiangazi kile Brazili nzima iliuimba. Kiangazi kilichofuata hakuna aliyeuimba. Mmoja wao akaolewa na daktari wa meno, mwingine akaokoka, na Jussara akabaki na sketi zote tatu.

Akapata kazi ya kuingiza sauti kwenye filamu za kigeni. Mwanzoni alipewa mayowe tu, maana wanawake wengi kwenye filamu zile walikuwa wanauawa. Alipiga mayowe kwa bidii na hakuchelewa hata siku moja, mpaka mwongozaji wake, Seu Anselmo, akaanza kumpa maneno. Alikuwa na miaka arobaini na tisa alipompata Bibi Eugenia.

Huyo Eugenia alikuwa mwovu wa tamthilia ya Kimeksiko. Alimwekea mumewe sumu, akamsukuma wifi yake ngazini, na kila mara alizungumza kwa Kireno cha Jussara, taratibu, kama anayemkaribisha mgeni chakula. Mtaani tulijua ni maigizo. Dona Zuleide wa duka la mikate naye alijua, ila tangu yule mume azikwe, Jussara akawa anauziwa mkate wa jana. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikauona. Hakulalamika. Alisema mkate wa jana ukichomwa ni mtamu.

Mwaka wa nne sauti ikaanza kukatika. Daktari alikuta kinundu kooni, akakiondoa, akamkataza kusema kwa siku arobaini. Studio haikungoja. Wakamweka msichana kutoka Niterói, na Eugenia akaendelea kuua.

Kesho yake Dona Zuleide akabisha kwa Jussara, aproni ingali kiunoni. Mimi nilikuwepo, nimepeleka supu.

"Kumbe uko hai," akasema. "Mbona yule mwanamke siyo wewe?"

Jussara akaandika kwenye daftari. Dona Zuleide hakuja na miwani, kwa hiyo nikamsomea: kapasuliwa koo.

"Basi wangesimamisha mchezo. Huyu mtoto wao anatia sumu kama anatia sukari kwenye kahawa. Hana roho mbaya hata chembe. Wewe, shoga, ulikuwa nayo."

Jussara akaandika tena.

"Anasema asante," nikasoma.

Dona Zuleide akaweka karatasi ya saini kwenye kaunta ya duka lake, kuitaka studio imrudishe Jussara. Watu zaidi ya mia tatu walitia saini, baadhi wakidhani ni malalamiko ya maji. Studio haikujibu.

Siku arobaini zikaisha na sauti ikarudi, lakini siyo ile. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Seu Anselmo aliisikiliza mara mbili, akavua spika za masikioni, akamwambia kwamba Eugenia ndiyo basi. Jussara aliniambia alilia kwenye treni mpaka Madureira, na hakuna aliyemtazama, kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja jioni na kila mtu alikuwa na yake.

Jumapili moja tulikuwa tunakula feijoada, maharage meusi na nyama, uani kwa wacheza samba, watu wakamtania aimbe ule wa baiskeli. Akashika kipaza sauti, akauanza chini na polepole, maana juu hafiki tena. Wengi hawakuutambua hadi ubeti wa pili. Kumbe yule kijana wa baiskeli aliondoka, hakurudi. Maneno yalikuwemo miaka yote, ila sisi tulikuwa tunacheza. Vijiko vikatulia.

"Huyu walimficha wapi?" akauliza Dona Zuleide, bila kupaza sauti.

Sasa anaimba pale kila Jumapili, na wapiga gitaa wamejifunza kumfuata huko chini. Seu Anselmo humpa sauti za vikongwe. Kwa sasa ana wanne, na mmoja wao, kwa habari nilizonazo, atakufa mwezi ujao, kwa maradhi ya kawaida.