Mauaji ya Nyuma ya Pazia

Walimwita Mjumbe, na jina hilo halikutoka chamani wala serikalini. Lilitoka jukwaani. Enzi zile ukumbi wa mji ulipokuwa ukumbi kweli, kabla haujageuzwa ghala la magodoro, kundi lao la maigizo lilikuwa na sheria moja ambayo mwalimu wao hakukubali iguswe: hakuna kuua mbele ya watazamaji. Mfalme anachinjwa nyuma ya pazia. Malkia anajinyonga nyuma ya pazia, na watoto wanatiliwa sumu huko huko. Watu wanasikia kelele tu, kisha anatoka mjumbe, jasho linamtiririka, anasimulia yote.

Mjumbe huyo alikuwa yeye. Taji hakuwahi kulivaa, upanga hakuwahi kuushika. Alipewa vazi chakavu na maneno mengi ya kukariri, basi. Lakini akifungua mdomo kueleza jicho lilivyotoka na damu ilivyopita chini ya mlango, watu wazima na akili zao waliziba masikio. Mwanamke mmoja alizimia, na mumewe aliyembeba kumtoa nje akatapika mlangoni. Mjumbe alitembea kifua mbele wiki nzima. Simlaumu, kila fundi anapenda kazi yake ionekane.

Ukumbi ulipofungwa akahamia kwenye televisheni, kuandika tamthilia. Huko akagundua jambo ambalo wenzake walilijua kitambo wakauchuna. Hizi tamthilia za siasa zinazowafanya watu waunguze mboga, zenye mawaziri na suti na magari meusi, ukizikwangua rangi unakuta chini yake michezo ile ile ya kale. Mfalme kavuliwa joho, kavalishwa tai. Mtabiri siku hizi ni bwana wa takwimu za kura. Wale wazee waliokuwa wakilalamika pembeni ya jukwaa sasa ni wasoma habari. Yule mke anayemchochea mumewe aue, huyo hata hakuguswa, kapewa simu tu.

Tofauti ni kwamba kamera haitaki kusimuliwa. Inataka kuona.

Kwa hiyo alipoamua kuuchukua mchezo alioupenda kuliko yote, ule wa mfalme aliyemzamisha kaka yake kisimani, ilibidi kisima kionekane. Katika mchezo wenyewe shahidi alikuwa mmoja, mtunza farasi, aliyeamriwa ashike taa. Mjumbe akabadilisha kimoja kimoja: mfalme akawa waziri, kisima kikawa tangi la maji la shambani, mtunza farasi akawa dereva. Kisha akahitaji njia ya kuificha maiti. Akakumbuka Mheshimiwa mmoja ambaye kaka yake alikufa gari lilipotumbukia mtoni, na mji mzima ukalia. Akaona huo ni mwisho unaoaminika, akaubandika. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kama mtu wa jukwaani: alidhani hadithi ikishakuwa ya kale sana haina tena mwenyewe.

Siku ya kupiga picha ile sehemu ya tangi, mwongozaji alirudia na kurudia. Kila mara kichwa cha mwigizaji kilisukumwa majini, miguu ikapiga bati, kucha zikakwaruza ukingo. Mara ya mwisho aliyeigiza waziri alisahau kumwachia, na mwenzake akatolewa akiwa na midomo ya bluu, damu zikimtoka puani. Mwongozaji akasema hiyo ndiyo itakayotumika. Mjumbe, aliyesimama kando, akaiwekea alama kwenye karatasi zake.

Nyumbani kwake aliishi shemeji yake, kaka wa mke wake, mtu mpole wa maneno machache. Zamani alikuwa dereva wa yule yule Mheshimiwa. Akaacha kazi ghafla bila kusema kwa nini, akahamia chumba cha uani, na sasa aliziba pancha mbele ya nyumba. Mjumbe alimtania kama watu wanavyotania mashemeji.

"Shemeji, umemwona dereva wangu? Anakata kona kama anawahi chooni."

Shemeji alicheka kidogo. Lakini jioni tangi lilipoonyeshwa, aliinuka katikati ya kipindi, akaacha sahani yake imejaa, akatoka uani.

"Kaka ana nini?" mke wa Mjumbe akauliza.

"Hajazoea sanaa," akajibu Mjumbe, akaongeza sauti.

Kesho yake mchana watu watatu walipanda ngazi hadi kwenye chumba alichoandikia, juu ya studio. Mmoja alivaa kofia, wa pili shati la bluu, na wa tatu, mwenye miwani, alifunga mlango polepole na kuuegemea. Mjumbe alidhani ni wadhamini wa kipindi. Akawakaribisha.

Mwenye shati la bluu akachukua stepla mezani akampiga nayo mdomoni. Meno mawili yalivunjika hapo hapo. Kabla hajamaliza kuyatema alikuwa chini, buti limekanyaga shingo yake, na mwenye kofia amechuchumaa karibu na sikio lake akiongea kwa sauti ya kubembeleza.

"Nani alikuambia habari za tangi?"

"Tangi gani?"

Teke likaingia mbavuni. Akasikia kitu kimekatika.

"Dunia nzima inajua ni ajali ya gari," alisema mwenye kofia. "Habari za tangi tulizijua watu wanne. Mheshimiwa, mimi, huyu anayekukanyaga, na dereva. Na dereva ni shemeji yako, anakula kwako. Mheshimiwa alimwacha hai kwa sababu aliapa hatafungua mdomo. Sasa wewe niambie tu ni yeye, tusiumizane."

Mjumbe alielewa mambo mawili kwa mpigo mmoja, na la pili lilimuuma kuliko mbavu. Kwamba mauaji aliyoyaandika yalitokea kweli. Na kwamba shemeji yake atauawa leo kwa sababu ya mchezo ambao hata hajawahi kuusikia.

"Hakuniambia," akasema. "Naapa. Nimeyatoa kwenye mchezo wa zamani, wa jukwaani. Kuna mfalme, kuna kisima."

Mwenye shati la bluu alimkamata kidole kidogo cha mkono wa kulia akakivunja. Akakamata kinachofuata.

"Ngojeni niwaonyeshe," alilia Mjumbe. "Nayajua maneno yote. Nisimamisheni."

Wakatazamana. Mwenye kofia akatikisa kichwa kukubali, wakamwinua, wakamwegemeza ukutani. Mjumbe akameza damu, akaanza kutoa maneno aliyoyatoa jukwaani nusu ya maisha yake.

"Nilishika taa, wala mkono haukutetemeka, maana niliamriwa usitetemeke. Bwana wangu alimshika nduguye kisogoni, kama mtoto anayenawishwa uso, akamwinamisha. Nikaona mabega yanapigana na maji. Nikaona mkono mmoja unatafuta cha kushika, ukanishika mimi, mimi niliyekuwa jirani, ukanibana, nami sikuutoa wala sikuushika. Kisha maji yakatulia. Bwana wangu akajipangusa, akaniuliza kama nina baridi."

Alisema vizuri kuliko siku zote, kwa mdomo uliopasuka, kwa kuwa safari hii kulikuwa na mtu wa kuokoa. Alipomaliza, mwenye shati la bluu alikuwa amerudi nyuma hadi dirishani.

"Marehemu alimshika mkono kweli," akanong'ona. "Yule dereva. Alimshika mkono hivyo hivyo."

"Nyamaza," alisema mwenye kofia. Lakini hata yeye sura ilikuwa imelegea. Kisha akacheka. "Kwa hiyo watu wamefanyiana hivi tangu zamani. Haya, nakuamini. Dereva hajasema."

Mjumbe akateleza ukutani akaketi sakafuni. Alishukuru. Alilia bila aibu, akamshukuru hata mtu aliyemvunja kidole.

"Sasa unaishaje?" akauliza mwenye kofia, kofia mkononi, kama mtu anayeulizia hadithi tu. "Huo mchezo. Mtunza farasi anakuwaje?"

Mjumbe aliuona mtego ukiwa tayari umemfunga mguu. Akajibu haraka, haraka mno.

"Anakufa. Anashikwa na homa njiani, anakufa peke yake. Hakuna anayejua kitu."

"Hapana," alisema mwenye miwani pale mlangoni. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Hafi. Tulikisoma shuleni kile kitabu, tulikifanyia mtihani. Anakaa kimya miaka mingi, kisha anarudi. Anasimama mbele ya watu wote, anasema. Mfalme anaishia hapo."

"Hiyo ni hadithi tu," alisema Mjumbe. "Ndugu zangu, hiyo ni hadithi tu."

"Na tangi?" akauliza mwenye miwani.

Mwenye kofia akaivaa kofia yake, akaokota simu ya Mjumbe mezani, akaikanyaga. Wakatoka na kumfungia mlango kwa nje.

Alipiga kelele, lakini chini walikuwa wanarekodi ugomvi na kila mtu alijua juu kuna mwandishi anayejisomea kwa sauti. Akavunja kitasa kwa mguu wa kiti. Akakimbia na mbavu zilizovunjika, akipita katikati ya barabara, watu wakimpisha kwa damu iliyokuwa kifuani mwake. Nguvu zikiisha alitambaa, kisha akasimama tena.

Alifika akakuta umati mbele ya nyumba yake. Shemeji alikuwa amelala ubavu kando ya vifaa vyake, mashati mawili ya watu yamemfunika kichwa. Beseni lake la kupimia mipira lilikuwa limepinduka na vumbi limegeuka tope. Mke wa Mjumbe alikaa chini ameushika mguu wa kaka yake. Alikuwa ndani akishona, cherehani inalia, hakusikia chochote.

Alimtazama mumewe, mdomo wake, vidole vyake.

Muuza mikate, aliyekuwa ameleta baiskeli yake izibwe, alikuwa anasimulia. Kila alipoona watu wapya wamefika, alianza tena mwanzo.

"Walikuja watatu. Mwenye miwani akamsalimia vizuri, akamwomba amtazamie kama mpira unavuja. Akainama kuutia majini. Yule mwenye shati la bluu akamshika hapa, kisogoni. Akapiga miguu sana. Akaninyooshea mkono mimi, mimi niliyekuwa karibu, na mimi..."

"Nyamaza," alisema Mjumbe. "Nakuomba. Nyamaza."

Mke wake hakugeuka kumtazama.

"Mwache amalize," akasema.