Jicho la Redio ya Baba Ndolo

Ndeti, fundi wa redio pale sokoni Matiliku, alikuwa na mdomo usio na mlango. Mwaka wa 1967, kila aliyemletea redio mbovu alirudi nyumbani na redio nzima pamoja na jina jipya la utani. Mama Ndolo, mjane wa kutoka Mbumbuni, hakumpa nafasi. Aliiweka redio yake ya betri mezani, pwaa!

"Nitolee hili jicho, fundi. Likipasuka, mimi na wewe tumekosana."

Jicho lenyewe lilikuwa kichupa cha kioo, chembamba kama kidole cha mtoto mchanga, kimelehemiwa moja kwa moja kwenye saketi. Ndani kiliwaka kistari cha kijani. Redio ikishika stesheni, kistari hujikunja.

"Kwani linakukonyeza, mama?"

"Mume wangu alifariki akisikiliza taarifa. Yale macho yake mawili niliyafumba mwenyewe. Hili hakuna aliyelifumba. Hata nikizima redio, linaniangalia tu. Nataka kulizika kando yake, likiwa zima. Siwezi kumpelekea jicho lililopasuka."

Ndeti alicheka, peke yake.

Akachomoa betri, akangoja umeme uliobaki kwenye saketi uishe. Kila mguu wa waya wa kichupa aliubana kwa kibanio cha nywele, kati ya kioo na lehemu, ili joto la chuma cha kulehemia liishie hapo, lisifike kwenye kioo. Lehemu ikiyeyuka, aliinyonya kwa nyuzi za shaba zilizosukwa, halafu akaacha mguu upoe kabla ya kugusa mwingine. Havuti, hapindi. Ufa hata wa unywele ukiingiza hewa, kidoa cha rangi ya fedha kilichopakwa ndani ya kioo hugeuka cheupe kama jicho la kipofu.

Kwenye mguu wa tatu aliacha kupiga mluzi. Kistari kilikuwa kinawaka.

"Si ulitoa betri?" Mama Ndolo akauliza.

"Si hiyo hapo, mama, karibu na kiatu chako."

Akakaza kibanio, akaendelea. Mguu wa mwisho ukaachia. Kichupa kilitoka kizima, kidoa chake kinang'aa, akakilaza kwenye kiganja cha mjane. Mchana kweupe, bila waya wowote, kikaendelea kuwaka.

"Baba Ndolo," akasema mjane, "lala sasa."

Kistari kikajikunja. Aliponyamaza kikarefuka tena, polepole, kama mtu anayetega sikio.

Ndeti alikiinamia. "Kimeshika stesheni," akanong'ona. "Stesheni ni wewe, mama."

Mama Ndolo alikisogeza karibu na mdomo. "Kunde zilikauka," akakiambia. Kikajikunja. "Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha." Kikajikunja zaidi, kikabaki nukta.

Basi akakifunga kwenye leso, akashika njia ya Mbumbuni akiongea bila kituo: ng'ombe, paa linalovuja, kwaya ya kanisa. Ndeti alisimama mlangoni akimtazama. Kila mama alipovuta pumzi, leso ilimulika kijani.