Kiganja Getini

Kila alasiri, dada wa kazi wa jumba lile la mtaa wa Suwaidi hubandika kiganja kwenye geti la chuma, akahesabu mbili, akaruka akipuliza vidole. "Mafi, mama, hakuna. Bado," humwambia mamake bosi kwa Kiarabu cha kuokoteza, ambaye joto limemfungia ndani tangu Mei. Haidar, dereva, humcheka kutoka garini: bosi ana simu mbili za hali ya hewa, zote zinadanganya kwa adabu, na huyu analiuliza geti kama kiangazi kimekwisha!

Leo akahesabu hadi kumi. Kiganja hakikubanduka. Haidar akasahau kucheka.

"Yalla, mama, kiti nje!"

"Simu inasema joto bado!" bosi akafoka dirishani.

"Basi ikae ndani hiyo simu, bosi."

Ajuza akajikokota hadi getini, akaweka kiganja kando ya kile cha dada, akafumba macho. Haidar akazima injini, kama mtu aliyekuta wenzake wanaswali.